Vidole Vitatu vya Nesi

Sidonie alianguka kwenye mteremko wa changarawe kule Juru, akiwa amepakiwa nyuma ya baiskeli, gunia la maharage mapajani. Baiskeli iliteleza, akatanguliza mkono wa kulia, na uzito wa gunia ukamfuata. Alipoinuka, bega lilikuwa limebadilika umbo: mfupa umetokeza mbele, na juu pamebonyea kama sufuria iliyogongwa. Hakulia. Alisema tu, "Muniitie Olga."

Olga alikuwa mdogo wake, na ndiye peke yake aliyemsalia katika wote waliokimbia nao kutoka kwao Fizi. Sidonie alimlea tangu akiwa mtoto, na hata alipoolewa, kisha akafiwa na mume na kubaki na watoto wawili, Olga alikaa naye nyumba moja. Kwa kuwa alisomea hapo hapo katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Olga alijua vizuri Kinyankore, lugha ya wenyeji. Basi akawa mdomo wa dada yake kila walikokwenda, sokoni, ofisini, hospitali.

Katika kituo cha afya cha Kashojwa, daktari aliuvuta ule mkono polepole mpaka bega likarudi mahali pake kwa mlio mzito. Kisha nesi, dada mmoja wa sauti ya chini aitwaye Ainembabazi, akaufunga mkono kifuani kwa kitambaa cha pembe tatu. Aliongea kwa muda mrefu akimtazama Sidonie usoni. Alifumba na kufumbua vidole vyake. Alinyooshea kidole dumu la maji lililokuwa pembeni, akatikisa kichwa. Mwisho akainua vidole vitatu.

"Anasema nini?" Sidonie aliuliza.

Olga alilitazama lile dumu. "Anasema ucheze na vidole, visikauke. Uweke kitambaa cha maji ya baridi fasi yenye kuvimba. Leo na kesho usibebe dumu. Siku ya tatu utoe kitambaa, uanze kazi polepole. Ukikaa nacho mingi, bega itakauka."

Sidonie aliona maneno ya nesi yalikuwa mengi kuliko hayo. Lakini labda Kinyankore ndivyo kilivyo, aliwaza, kirefu.

Siku ya tatu, Jumatatu, Olga aliondoka kwenda Mbarara. Alikuwa amepata kazi ya kupika kwa masista, Nyamitanga, ng'ambo ya mto Rwizi. "Nikichelewa, yaya, banatwaa mwingine," alimwambia dada yake. Sidonie alifurahi, maana hata yeye alikuwa ameiombea kazi ile. Akatoa kitambaa begani, akamkunjia kitenge chake kizuri kuliko vyote, akamsindikiza.

Mvua zilikuwa zimeanza. Alilima kwa meno yaliyokazwa, akijiambia kwamba bega linauma kwa sababu lilianza kukauka, na dawa ya kukauka ni kazi. Siku moja akiwa bombani, alipoinua dumu kulitwika kichwani, bega likatoka. Majirani wakalirudisha. Likatoka tena akianika nguo. Mara nyingine lilitoka akiwa usingizini, alipojigeuza tu. Vidole vikaanza kufa ganzi, na Kashojwa wakampandisha gari la wagonjwa kwenda hospitali kubwa ya Mbarara.

Huko wodini alimkuta nesi mmoja, Medius, mke wa askari wa kambi ya jeshi, aliyekuwa na Kiswahili cha huko kambini, kilichovunjika lakini cha kutosha.

"Mama, bega hii ilitoka mara ya kwanza lini?"

"Mwezi wa tisa."

"Na walifunga?"

"Walifunga. Siku mbili."

Medius aliacha kuviringisha bendeji. "Siku mbili? Nani alisema?"

"Nesi wa Kashojwa."

"Hapana, mama. Nesi hawezi kusema hiyo. Ni wiki tatu. Hakuna kulima, hakuna kubeba, hakuna kuinua mkono juu. Zile kano ndani zinashika bega, lazima zipone kwanza. Wewe ulisikia yeye na masikio yako?"

Sidonie alitazama ukuta. Aliviona tena vile vidole vitatu.

"Nilisikia kwa masikio ya mdogo wangu," akasema.

Jumapili Olga alikuja baada ya misa, na mkate na matoke ya moto. Aliketi kitandani, akataka kumlisha. Sidonie akausogeza mkono wake kando.

"Olga. Nesi alisema wiki tatu?"

"Nani amekuambia?"

Basi. Kama angesema hapana, hata kwa uongo, Sidonie angeishika ile hapana. Lakini aliulizwa nani amekuambia.

"Kwa nini?"

Olga akaanza kulia. "Nani angelima, yaya? Nani angechota maji ya watoto? Ningebaki mimi. Masista walinitaka ile Jumatatu. Nilifikiri bega itapona tu. Watu banaanguka kila siku, banapona."

"Ungeniambia, ningesema wende. Kantengwa ni jirani, angenichotea. Nilikuombea kazi hii mimi mwenyewe. Ulininyima hata kukuachia uende."

Mgonjwa wa kitanda cha pili aligeukia dirisha ili asiwatazame.

Sidonie alipasuliwa, kano zikashonwa. Siku daktari alipokuja kueleza namna ya kujitunza, Olga alikuwepo, akasimama kutafsiri kama alivyozoea.

"Wewe toka," Sidonie akamwambia. "Medius atanielezea."

Medius akaeleza polepole, akirudia pale Kiswahili kilipomwishia, akiinua mkono wake mwenyewe kuonyesha mwisho wa kuinua. Sidonie alirudia kila neno mpaka Medius akacheka, "Sasa mama umekuwa musawo, daktari kamili."

Alirudi Juru. Kantengwa alimlimia shamba msimu ule, na kila asubuhi Sidonie alisimama mlangoni akitembeza vidole juu ya ukuta wa udongo, taratibu, kama alivyofundishwa. Mkono ulipanda hadi usawa wa sikio, ukakataa kwenda zaidi. Dumu la kichwani hakulitwika tena.

Olga alikuja Noeli, na sabuni na viatu vya watoto. Sidonie alimpokea, akampikia sombe ya majani ya muhogo na samaki. Walipokwisha kula, Olga akasema masista wamekubali amlete mtoto mkubwa asomee Nyamitanga, alale kwake.

Sidonie aliendelea kukusanya sahani kwa mkono wa kushoto. "Watoto wangu banabaki fasi niko."

"Yaya, mpaka lini?"

"Sijui, Olga. Ningejua ningekuambia."

Kesho yake alimsindikiza hadi barabarani, kwa kuwa mgeni husindikizwa. Baiskeli ilipoondoka na Olga, Sidonie akageuka kurudi nyumbani kabla haijafika kwenye kona.