Mfalme Hakosei

Jumatatu saa saba mchana, katika mgahawa wa tambi ulio nyuma ya soko la viatu la Liuhua, huko Uchina, Mzee Bartholomeo alijimwagia supu ya soya kifuani. Aliweka vijiti mezani akatazama shati lake. Lilikuwa jeupe kama lilivyotoka kwenye pasi. Upande wa pili wa meza, Herieth alilowesha kitambaa akaanza kusugua doa lililojitokeza kwenye blauzi yake.

"Samahani, binti yangu," alisema mzee.

"La tatu mwezi huu, Mtukufu. Safari ijayo agiza wali."

Mambo yalikuwa hivyo tangu mzee atawazwe kuwa mfalme. Umoja wa wafanyabiashara wa Kitanzania ulikuwa umegombania uenyekiti kwa miaka mitatu, Wazanzibari wakimtaka wao na wa bara wakimtaka wao, hadi kiti chenyewe kikavunjika mguu. Ndipo Mzee Bartholomeo akafungua daftari la masomo ya jioni, aliyoyasoma Bukoba enzi alipokuwa akishinda ghalani kubeba magunia ya kahawa, akawasomea habari za ufalme wa kikatiba. Bunge linatunga sheria, mawaziri wanatekeleza, mahakama inaamua. Mfalme anakaa kwenye kiti na kutia sahihi.

"Sie tumetoka jamhuri," alisema Ghalib, mtu wa Unguja. "Huyo mfalme wa kazi gani?"

"Mfalme ni kama lakiri kwenye barua. Haandiki neno, ila bila yeye barua haiendi."

Hoja iliwapendeza. Ghalib akawa Waziri Mkuu. Bimkubwa, mwenye duka la mizigo, akawa Spika. Herieth, aliyekuwa na miaka tisa sokoni na kumjua kila laobani, yaani kila bosi wa kiwanda, alipewa wizara ya biashara. Mzee akawa mfalme, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na daftari.

Katiba aliiandika kwa mkono wake, vifungu ishirini na kimoja. Kifungu cha nne kilisema: Mfalme hakosei, kosa la mfalme ni la waziri wake. Alikinakili kwa mwandiko wa kulala, na tangu siku hiyo kifungu kikafanya kazi. Mfalme alipojikwaa kwenye ngazi za treni ya chini ya ardhi, kidole cha waziri wa uchukuzi kilitoka damu. Waziri alinunua plasta. Sheria ni sheria.

Mwezi wa kumi na moja, mfalme na Herieth walikwenda Shiling, kwenye viwanda vya mikoba. Katika ghala la laobani mmoja ilikuwapo mikoba ya shule ya wanachama wote, ikingoja kontena ili iwahi kufunguliwa kwa shule Januari. Ndani ya basi, mzee alitangaza kwamba leo angezungumza mwenyewe. Alikuwa amejifunza Kichina peke yake kwa miezi minne.

"Mtukufu, lugha hii ina ngazi."

"Na mimi nina miguu."

Laobani alimimina chai, akauliza kuhusu ile mikoba. Mzee alitaka kusema kwamba watanunua na mingine. Neno lenyewe ni mai. Sauti ikishuka kisha ikapanda, ni kununua. Ikianguka moja kwa moja, ni kuuza. Mzee aliiangusha. Neno likatoka kinywani mwa Herieth, kwa sauti ya Herieth. Laobani akauliza tena, kwa hakika. Mzee akaitikia kwa kichwa, kwa furaha, na Herieth akasema tena, "Mai, mai."

Herieth aliinua mkono ili asahihishe. Mzee akamzuia.

"Nimeelewana naye. Usinivunjie heshima mbele za watu."

Herieth aliushusha mkono, kwa kuwa alilelewa Singida na watu wanaoheshimu wazee. Kufikia jioni mikoba yote ilikuwa kwenye lori la mnunuzi mwingine, njiani kwenda bandarini.

Bunge lilikutana Jumamosi asubuhi kwenye duka la Bimkubwa, kati ya marobota. Mfalme alipoingia, wote walisimama. Alilipenda hilo. Ghalib alieleza kwamba laobani alipoulizwa nani alitamka, alijibu: yule mwanamke. Hoja ikapita. Herieth aondolewe kwenye daftari la Umoja, asipewe tena barua ya udhamini. Bila barua ile hakuna kibali cha kuishi, na bila kibali hakuna kibanda.

"Una neno, mwanangu?" Bimkubwa alimwuliza.

Herieth alimtazama mfalme. Mzee alisimama. Alifungua kinywa kusema lile alilokuwa amelifanyia mazoezi tangu alfajiri.

"Ni mimi niliyekosea," alisema Herieth.

"Kakiri," alisema Ghalib.

"Kweli kweli, ni mimi," alisema Herieth, midomo ya mzee ikichezacheza. Bimkubwa akaandika.

Kilibaki kifungu cha ishirini na moja: Mfalme akivua taji, makosa yake humrudia. Hakuna mwanachama aliyewahi kusoma mpaka hapo. Taji lilikuwa la vipande vya ngozi ya rangi ya dhahabu, jepesi kama ndala. Mzee alilishika kwa mikono miwili. Akakumbuka ghalani, walivyomwita, "We kuli, njoo." Akaliweka sawa kichwani, akaketi, akatia sahihi. Mwandiko ulikuwa mzuri.

Jumatatu saa saba mchana Herieth alipita mgahawani na sanduku lake, akielekea uwanja wa ndege. Alikuwa amevaa ile blauzi. Doa halikutoka.

"Shikamoo, Mtukufu."

"Marahaba, binti yangu."

Akaondoka. Joto lilipanda shingoni mwa mzee hadi masikioni. Akalingoja lihame. Kando yake aliketi Haidar, waziri mpya wa biashara, ambaye asubuhi hiyo alikuwa amejinunulia shati jeusi. Uso wa Haidar ulikuwa mkavu. Mzee alingoja mpaka chai ikapoa, kisha akatoa katiba mfukoni akaipekua ukurasa kwa ukurasa. Hakukuwa na kifungu kuhusu aibu.

Haidar alimsogezea bakuli la tambi.

"Kula, Mtukufu. Mimi nimeshajiandaa."

Mzee alikula. Alimwaga mara mbili, na shati lake lilibaki jeupe.