Mguu Usiouma

Mtaa mzima ulimwita Wembe, na hata mkewe alipomtaja kwa majirani alisema "Wembe wangu". Alikuwa kinyozi wa kusimama. Hakuegemea meza wala kuweka stuli, na waliokuja kujifunza kazi kwake aliwaonya kwamba kinyozi akishakaa, mkono nao unakaa. Alimzunguka mteja kama mtu anayecheza na bibi harusi, na mteja akishuka kitini alijiona kijana hata kama ana wajukuu.

Kisukari kilimwanzia kidoleni. Kiatu kilimchubua, akakidharau kidonda, kikapanda polepole mpaka wayo ukawa mweusi. Hospitali wakamkata mguu wa kulia chini ya goti. Alilia kama mtoto, mkewe akimshika kichwa, kisha akafuta uso kwa shuka na kumuuliza daktari swali moja tu.

"Nitasimama?"

"Utasimama. Siku hizi miguu ya bandia ipo."

Jibu hilo ndilo lililomsukuma kipindi chote cha magongo. Duka alimwachia shemeji yake, mdogo wa mkewe, ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kushika mashine. Kila jioni shemeji alipita nyumbani kumpa habari: nani kaja, nani kamuulizia, nani kakataa kunyolewa mpaka mwenye duka arudi. Wembe alicheka, akamwambia huyo wa mwisho mwache afuge nywele kama simba, naja.

Mguu ukaja. Fundi wa miguu ya bandia, mama mmoja mnene asiyeishiwa utani, alimvisha soksi nene kwenye kigutu, akakiingiza kigutu ndani ya kikombe kigumu cha plastiki, akafunga mikanda.

"Haya, bwana harusi, inuka."

Wembe akashika vyuma viwili vya kujifunzia kutembea, akainuka. Aliona tena vichwa vya watu kutoka juu, akaona hata upara wa mlinzi aliyesimama mlangoni, na moyo ukamruka.

"Unauma?" fundi aliuliza.

"Hauumi hata kidogo!"

Yule mama akaacha kutabasamu. "Sasa hapo ndipo pa kuogopa, kaka yangu. Sukari imeua hisia. Usipoumwa si kwamba umepona. Kila jioni uvue, shika kioo, tazama kigutu chini na pembeni. Ukiona wekundu, mguu usiuvae. Na usisimame kutwa, tafadhali. Kidogo kidogo."

"Nimekusikia, mama," alisema Wembe, lakini mawazo yake yalikuwa yameshafika dukani.

Siku aliyorudi, wateja walimpokea kwa vigelegele. Mmoja akauliza kama mguu mpya umekuja na bei mpya, duka zima likacheka. Mwalimu mstaafu, mteja wake wa tangu ujanani, alikaa kitini wa kwanza, akafumba macho kabla hata kitambaa hakijafungwa shingoni. Wembe alinyoa mpaka jua likaelekea kuzama, na shemeji alipomwambia apumzike alijibu kwamba amepumzika vya kutosha kitandani.

Mwanzoni alikitumia kioo kila jioni. Kisha siku moja akaona wekundu ubavuni mwa kigutu, mdogo kama ukucha. Aliutazama sana. Aliufunika kwa soksi, akajiambia ni mshono wa soksi tu uliobana.

"Umeangalia?" mkewe aliuliza kutoka jikoni.

"Nimeangalia. Ngozi kama ya mtoto."

Tangu jioni hiyo kioo kilibaki mezani. Mguu hauumi, wateja wanangoja benchini, nani angemwambia akae? Mkewe ndiye aliyegundua, akifua. Alichukua soksi, akainusa, akaidondosha kwenye beseni, akaja mlangoni na mikono inayodondosha maji.

"Baba watoto, vua."

"Baadaye."

"Vua sasa hivi."

Alipovua, ule wekundu ulikuwa umekuwa kidonda kinachotoa usaha. Mkewe alikaa chini sakafuni palepale, akajifunika uso kwa kanga.

Safari hii walikata juu ya goti. Yule mama fundi alikuja wodini mwenyewe, na Wembe akamwahi kabla hajamaliza kumpa pole.

"Mguu wenye goti upo?"

"Upo."

"Basi nipimie."

"Kaka, nikikupimia nitakuwa nakudanganya. Kigutu kimebaki kifupi mno, hakina pa kushika. Ngozi yako haistahimili. Na mguu uliobaki nao umeanza kuharibika, daktari hajakwambia?" Akamshika bega. "Nitakutafutia kiti cha magurudumu kizuri."

Kiti kilikuwa kizuri kweli. Tatizo lilikuwa kwingine kote. Mlango wa choo ulikuwa mwembamba kuliko kiti, kwa hiyo mkewe alimbeba kwa kumkumbatia, wote wawili wakihema. Mbele ya duka palikuwa na ngazi. Mwenye jengo, kwa roho safi kabisa, alimwita mwashi amwage zege la mteremko. Mwashi akalimwaga likasimama kama paa. Asubuhi ya kwanza shemeji alisukuma, kiti kikarudi nyuma kikambana ukutani. Ikabidi vijana wa gereji ya jirani waitwe, wakamnyanyua Wembe na kiti chake kama kabati linalohamishwa, huku wapita njia wakisimama kutazama.

Ndani, vioo vilitundikwa kwa watu wanaosimama. Alipotazama humo hakujiona, aliona feni ya darini. Viti vya wateja vilikuwa juu, mkono wake ukafika masikioni tu. Shemeji akaleta kigoda, na Mwalimu, mtu muungwana, akakikalia huku magoti yakimgusa kidevu.

"Endelea tu, Wembe. Mimi niko sawa."

Wembe alinyoa. Upande mmoja aliufikia vizuri, upande wa pili akaufuata kwa kujinyoosha, mashine ikiacha mabaka. Mwalimu alishukuru sana, akasema amependeza, akaaga. Muda mfupi baadaye Wembe alijisukuma hadi mlango wa nyuma kumwaga nywele, na huko uani akamkuta Mwalimu ameinama, shemeji akimrekebisha kisogo.

Watu watatu wakatazamana.

"Shemeji, nilikuwa tu..." mdogo wa mkewe alianza.

"Malizia," Wembe alisema. "Usimwache nusu."

Kesho yake vijana wa gereji walipokuja kumchukua, alisema leo kwanza wacha. Siku iliyofuata alisema vilevile. Kisha wakaacha kuja, na hakuna aliyewalaumu.

Shemeji aliendelea kupita jioni. Mwanzoni alikaa, akasimulia nani kaja na nani kamuulizia. Baadaye akawa anasimulia akiwa amesimama. Siku moja Wembe alimuuliza habari za ule mteremko, shemeji akakuna kichwa.

"Wameuvunja. Wazee walikuwa wanateleza mvua ikinyesha. Samahani, ningekwambia."

"Wamefanya vizuri. Ulikuwa mbaya ule."

"Ukitaka, tunaweza kumwambia mwenye jengo ajenge mwingine, wa taratibu..."

"Nani apande?"

Simu ya shemeji ikaita, akaitazama, akasema kuna mteja anamngoja dukani. Mkewe Wembe akatoka ndani na bakuli la maharage ya kuchambua, akaliweka mapajani mwa mumewe. Wembe akaanza kuchambua, akitenga mawe upande mmoja. Kazi hiyo aliifanya haraka na kwa usafi, na ilipoisha alimwita mkewe amletee mengine, naye akamjibu hakuna mengine.