Wageni wa Mtumbwi

Tangu aokoke, Kashaija wa Mabira hakuonja tena rubisi, pombe yetu ya ndizi. Lakini mtumbwi wa kuikamulia, ng'o! Aliuacha nyuma ya nyumba, na kila Jumamosi akaupangusa. Mchungaji alipohubiri habari za mke wa Lutu aliyegeuka nyuma, nani aliitikia "Amina!" kuwashinda wote? Kashaija.

"Baba Jovitus, na ule mtumbwi je?" mkewe Mackrine alimuuliza njiani.

"Ule ni wa wageni tu."

Kesho yake Kashaija alikuta nguruwe wamejipanga mtumbwini, wanatafuna maganda ya ndizi.

"Mackrine! Nini hiki?"

"Wageni wako wamefika. Kaa nao basi."

Kashaija alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akaenda mwenyewe kuwaongezea maganda.