Kidole Kwenye Kioo

...na hicho kidole sasa kinaonyesha nini, pale pana wingu tu, wingu limetanda juu ya bonde, mlima wenyewe uko huku kulia, mweusi, umechomoza juu ya ukuta wa theluji, hata mimi ambaye sijawahi kuukanyaga nimeuona, lakini Ang Gelu, mume wangu, aliyeanza kuupanda mwanetu Tenji hajaota hata meno, amebandika kidole kwenye kioo cha ndege anamwambia mgeni wa kiti cha nyuma, ndio ule, Chomolungma, nyie mnauita Everest, mimi nimesimama pale juu, na mgeni anapiga picha, maskini, anapiga picha ya wingu... atakuwa anatania, huyu mzee utani ndio chakula chake, siku ya arusi ya binti yetu Lhamu alimwambia bwana arusi kwamba amekosea nyumba, mtoto wa watu akasimama mlangoni jasho linamtoka, basi na hili ni hivyohivyo, nami sina nguvu ya kucheka, tumedamka alfajiri, tumekaa uwanjani Kathmandu tukingoja ukungu uondoke, Tenji ndiye aliyetukatia tiketi, akasema mama, angalau mara moja ukaone kazini kwa baba, kazini, anasema, kana kwamba baba yake ni karani, na viti vya ndani wameviacha wazi ili kila abiria apate dirisha, dirisha langu liko upande wa pili, nimeliacha nikaja kukaa ubavuni mwake, sijui kwa nini, hatujaongea vizuri tangu aliponiambia amekubali kupanda tena msimu huu, kuongoza wageni, na mkwe wetu Kami kwenye kamba moja naye, nikagomba, nikalia, nikanuna, halafu nikachoka, ndiyo, unafika wakati hata hofu inachosha, jana nikamwambia nenda, skafu yako ya baraka nitakuvisha shingoni kama siku zote, nenda... Baba, samahani, huyo ni mhudumu wa ndege, binti mwenye sauti laini, ameinama juu yetu, Everest ni ule pale mbele kidogo, ule mweusi, na Ang Gelu anamjibu papo hapo, najua, binti yangu, nilikuwa nakupima kama unaijua kazi yako, watu wanacheka, binti anacheka, ningecheka nami lakini nimeyatazama macho ya mume wangu, hayakuhama, ameambiwa mlima uko pale na macho yamebaki palepale kwenye wingu, yanang'aa, hayatafuti kitu...

Chai. Kule nyumbani anamimina chai ya siagi mpaka inafurika kikombe, inaingia kwenye mkeka, nami namwambia unazeeka vibaya wewe, na taa ya jikoni aliyosema ina mwanga hafifu, akanunua nyingine, nayo akasema hafifu, nikamwona ana vituko, na kule Boudha jioni tunapozunguka hekalu tukisali ananishika mkono, yeye, ambaye tangu tuoane hakuwahi kunigusa mbele za watu, ananishika juu ya kiwiko na kunisogelea, na mimi mjinga nikafurahi, nikafurahi kama msichana, nikasema moyoni uzee umemlainisha, sasa ananipenda hadharani, nikawa najifunga aproni yangu mpya ya mistari, pambo la mke wa mtu kwetu, kila tunapotoka... kumbe nilikuwa fimbo yake. Inaniuma, nisijidanganye, inaniuma kuliko wingu lile. Theluji imemla macho, miaka yote ile ya kuwaazima wageni miwani yake ya kukinga mwanga wa theluji, naye hajasema, hajamwambia daktari wala Tenji wala bosi wake, na Kami atafungwa kiunoni mwake juu ya nyufa za barafu, na Lhamu ni mjamzito...

Mama Tenji, ananong'ona, ameniinamia mpaka pumzi yake iko sikioni, unatoa moshi leo? Moshi wao ni theluji inayopeperushwa na upepo kileleni, ndiyo wanayoitazama kabla ya yote, zamani yeye ndiye aliyewaambia wenzake, leo tulieni, leo twendeni, na sasa ananiuliza mimi, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeuliza kama mlango umefungwa. Unatoa, namwambia, mrefu, unaelekea kulia. Upepo mkali basi, anasema, ameridhika. Na binti amerudi, baba, zamu yako, rubani anakukaribisha mbele ukauone vizuri, na yeye, mpe mama, mimi nilishauchoka, watu wanacheka tena, ila vidole vyake vimekamata mkono wa gauni langu, vinasema usiondoke, nami namwambia binti apite tu, aite mwingine, naona vizuri nilipo.

Nilidhani nimechoka mpaka mwisho, kumbe kuna nguvu ya jambo moja imebaki. Kesho nitakwenda mwenyewe kwa bosi wake, nitamwambia macho ya mume wangu yamekwisha, na Ang Gelu atajua ni mimi, nani mwingine, atasema nimemvua nguo mbele ya vijana, hatakunywa chai yangu, hatanishika tena mkono pale Boudha, atanichukia... Na ule mweupe wa pembeni, ananong'ona, bado una theluji yake? Bado, namwambia, yote. Atanichukia, na anichukie, mradi anichukie akiwa nyumbani.