Mawe ya Mama

Wafu wetu sisi Wachukchi, watu wa kaskazini kwenye barafu, tulikuwa tukiwapandisha kwenye mlima mweusi pale pwani. Hatuchimbi kaburi, ardhi imeganda mwaka mzima. Mama tulimlaza ubavuni mwa mlima, uso ukitazama juu, kisha mimi na kaka yangu Omryn tukamzungushia mawe mekundu mepesi tuliyoyachagua wenyewe.

Kiangazi kile kile wakaja Warusi na trekta, wakitafuta madini ya bati. Mkubwa wao, Gleb, alikuwa kijana mcheshi, wala hakuwa mtu mbaya. Aliuona mlima kwa mbali akauliza kama unapandika. Wazee walimwambia haupandiki. Omryn akasema njia anaijua.

Nilimfuata nje ya hema nikamkumbusha nani amelala kule. Akanijibu kwamba Warusi wangefika tu, heri wafike na mtu wa hapa kwetu.

Kesho yake walirudi wakiimba. Gleb alieleza, Omryn akitafsiri, kwamba mlima wetu ni volkano iliyozimika zamani sana, na kwamba hakuna aliyejua kuwa pwani hii ya barafu ina volkano. Ameigundua yeye. Akafungua gunia atuonyeshe. Niliyatambua mawe hata kabla hajayatoa yote.

Nilimuuliza Omryn kwa lugha yetu, kwa sauti ya chini.

"Wameyaokota wapi?"

"Yalikuwa yamekaa wazi, safi. Wakayapenda."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Pale pale."

"Ukasema nini?"

Akainamia kikombe chake. "Niliwashikia gunia, dada."

Gleb akataka kujua tunazungumza nini. Omryn akamwambia kwamba ninampongeza. Kijana wa watu akanishika mkono, akautikisa kwa furaha.

Nilipanda peke yangu. Mama alikuwa wazi, kama mzigo ulioanguka safarini. Nikamzungushia mawe niliyoyapata, meusi, mazito, yenye makali.

Omryn alipelekwa mjini. Picha yake ikatoka gazetini kando ya Gleb, akarudi na bunduki mpya. Kambini hakuna aliyemkemea. Wengine walimwonea wivu. Mimi nikahamia bara, kwa ndugu za mume wangu.

Miaka baadaye Omryn akanitumia mtu kuniarifu kwamba amepata binti na amempa jina la mama. Nilimpa mjumbe nyama, nikamtandikia ngozi alale. Jibu la kupeleka sikumpa.