Mtani wa Profesa Ronnie

Ronnie alikufa Jumanne. Ijumaa saa tatu asubuhi jeneza lake lilikuwa sebuleni kwake Blacktown, kitongoji cha Sydney, likiwa wazi, kama alivyoagiza mwenyewe. Watu ishirini na kitu walilizunguka, wamekunja mikono, kimya kama wanaosubiri kuitwa na daktari wa meno.

Rufus alikaa karibu na mlango, suti imembana kwapani. Macho yake yalikuwa kwa mkewe, Katungu, aliyesimama upande wa kichwa cha marehemu akisoma karatasi. Alikuwa anawaeleza wafiwa michezo ya msibani ilivyochezwa Ireland zamani. Alieleza vizuri sana. Hakuna aliyecheza.

Katungu alikuja Sydney mkimbizi kutoka Butembo, mashariki mwa Kongo. Mchana aliogesha wazee, jioni alisoma, na huko chuoni akakutana na Ronnie, profesa Mwairishi, aliyemfundisha habari za watu wa kwao waliokufa njaa, wakatawanyika, wakapokonywa lugha yao. Ndugu zake walimcheka: Mnande na Ireland wapi na wapi? Yeye akawajibu, "Hawa watu niko nawajua." Ikapita miaka kumi na tisa. Sasa ni mhadhiri wa fasihi na mila za Waairishi, ana vitabu viwili, na vyote vinahusu matanga yao: walivyokesha na maiti wakifungishana ndoa za uongo na kumtania marehemu, mpaka mapadri wakapiga marufuku.

Wiki iliyopita, hospitalini, Ronnie alimshika mkono. "Umeyaandika matanga ya wengine. Yangu uyafanye. Mtu asilie kabla hajacheka. Niahidi."

Akaahidi.

Katungu alikunja karatasi, akaja mlangoni na kuinama sikioni mwa mumewe.

"Baba Emerance, nimeshindwa. Kurasa mia nne nimeandika, na sijui kuchekesha hata mtu moja. Saa tano watamubeba."

Rufus ni dereva wa lori. Shule aliiachia darasa la sita, Songea. Lakini yeye ni Mngoni, na kwao msibani mtani ndiye mwenye kazi. Analala kitandani kwa marehemu, ananyang'anya vitu vyake, anamtukana, na mfiwa akikasirika ndiye mwenye makosa. Jumapili moja alimsimulia Ronnie hayo, wakiwa wanachoma mbuzi. Ronnie akaweka bilauri chini.

"Basi mimi na wewe ni watani."

"Utani hauombwi, mzee. Mpaka babu zetu wawe walipigana."

"Sisi hatupigani kila Jumapili? Lete hizo mbavu."

Rufus akakubali, na mbavu zikaliwa.

Sasa alimtazama mkewe. "Mke wa Ronnie hanijui vizuri. Nikiharibu je?"

"Imeshaharibika."

Rufus akasimama. Akatungua kofia ya Ronnie ukutani, akaivaa, kisha akajitupa kwenye kiti cha Ronnie, kile ambacho tangu asubuhi hakuna aliyethubutu kukikalia.

"Toka humo, mwizi we!" aliliambia jeneza. "Unajifanya umelala! Jumapili nani atakula mbavu zangu?"

Mtu mmoja akaangusha kijiko. Noreen, mjane, aliinuka taratibu, shingo imemwiva kwa hasira.

"Weka hiyo kofia ulipoitoa."

"Siweki. Miaka sita mumeo ananimalizia mbavu za mbuzi. Kofia ni yangu, na viatu navitaka."

Katungu alifumba macho.

"Mbavu?" alisema Noreen. "Mbavu gani? Daktari alimkataza nyama."

"Kwangu hakukatazwa, mama. Alikuwa akimaliza anajifuta mafuta kwa soksi, usije ukaona leso."

Noreen akamgeukia maiti. "Ronnie! Mnafiki mkubwa! Miaka sita nakuchemshia brokoli!" Akampiga bega marehemu. "Na mimi nazifua hizo soksi, najiuliza zina nini!"

Kicheko kilimtoka kwanza yeye, cha kupaliwa, kisha kaka wa marehemu, kisha chumba kizima. Kaka mtu akasema yeye naye alikuwa akimpa soseji gerejini. Jirani akakiri mayai. Noreen akawatukana wote mmoja mmoja. Katungu akamshika yule kaka mkono, akamwozesha jirani palepale mbele ya jeneza, na safari hii hakusoma popote.

Ndipo Noreen alipoweka paji la uso kwenye ukingo wa jeneza akalia, na wote wakamwacha alie.

Saa tano kasoro Rufus alitaka kurudisha kofia ukutani.

"Nenda nayo," alisema Noreen, akijifuta macho. "Na Jumapili hizo mbavu uzilete hapa."

Rufus akamkuta Katungu jikoni, ameinamia daftari, kalamu inakimbia.

"Mama Emerance, hata leo? Si uache kazi kidogo?"

"Nyamaza. Hii ni kitabu ya tatu." Alikuwa anatabasamu. "Soksi zilikuwa za rangi gani?"

"Kijani cha Ireland," alisema Rufus. "Andika kijani."