Rupia Zilizokufa za Andati

Kuna waliorithi shamba na kuna waliorithi ng'ombe. Navalayo wa Iguhu alirithi kicheko. Mwaka wa 1921, wakoloni walipotangaza kwamba rupia imekwisha kazi na shilingi imeshika zamu, kila aliyekuwa na rupia alikimbia kuibadilisha. Baba yake, Andati, naye alienda. Akapewa shilingi mpya aishike, akaigonga kwa rupia yake, akatega sikio, kisha akamrudishia karani. "Hii haiimbi," alisema. Akarudi nyumbani na rupia zake alizozipata kwa kuwabebea wafanyabiashara mizigo Mumias, akazifukia chini ya ghala.

Kuanzia hapo akaitwa Andati wa Pesa Zilizokufa, na watoto wake wakazaliwa wakalikuta jina linawangoja. Navalayo aliimbiwa jina hilo mtoni akichota maji, akaimbiwa hata siku ya harusi yake. Sasa alikuwa na miaka sitini na mitatu, amezika mume na kusomesha watoto, hakuna mtu sokoni anayethubutu kumpunja, na bado jina hilo lilimchoma. Alimpenda baba yake, na hakuwahi kuwa na neno la kuwajibu waliomcheka.

Jumamosi moja ya mwaka wa 1995, mdogo wake Mathew, dereva wa trekta la miwa huko Shianda, alikuja na habari. Amempata sonara Kisumu wa kuzinunua rupia zote kwa uzito, aziyeyushe atengeneze bangili.

"Dada, tuondoe hii aibu kwa boma," alisema. "Watu wamecheka ya kutosha."

Navalayo aliona mbali. Zikiyeyushwa hakutabaki kitu cha kumtetea baba. Atakuwa mjinga hadi mwisho wa dunia. Lakini rupia zilikuwa za wote wawili, na Mathew naye alikuwa na haki yake. Wakaelewana hivi: kwanza zipitie Kakamega mjini kwa Oduor, fundi wa saa, ambaye pia huwanunulia sarafu za kale watu wanaozikusanya. Oduor akisema ni takataka, safari ya Kisumu iendelee.

Basi Navalayo akazifukua chini ya ghala, akafanya alilofundishwa na mama yake kabla ya kumpelekea mtu chombo. Alichukua majivu, mchanga laini na gunzi la mahindi, akazisugua zile rupia moja moja mpaka zikameremeta kama sufuria ya harusi. Moja tu hakuigusa. Hiyo ilikuwa na mnyama kwenye joho la mfalme aliyechorwa juu yake, mnyama aliyefanana na nguruwe, na wapagazi Waislamu wa Mumias walikuwa wameikataa katakata. Andati aliichukua akisema nguruwe asiye na nyama hamdhuru mtu. Navalayo aliiona ndiyo aibu ya aibu, akaitupa chini kabisa ya kopo la kuzibebea bila kuipa hata chembe ya jivu.

Huko Kakamega, Oduor alizimwaga kwenye kitambaa, na uso wake ukasawijika.

"Mama, nani amesugua hizi?"

"Ni mimi," alisema Navalayo kwa madaha. "Si zinang'aa?"

"Zinang'aa, na hiyo ndiyo shida." Alimpa kioo cha kukuzia. "Ona hii mikwaruzo. Wanaokusanya wanapendanga ule weusi wake wa miaka mingi. Ukiutoa, umechuna ngozi yake. Ungeniletea zikiwa chafu, kila moja ingekuletea kuku wawili. Sasa ni kuku mmoja, bei ya uzito tu."

"Ingokho moja!" Mathew akacheka. "Si sonara pia atatupea hiyo? Dada, twende Kisumu."

Navalayo alikitazama kiganja chake. Mkono wake mwenyewe, kwa kiburi chake mwenyewe, umemaliza kazi ambayo wacheka watu wameshindwa kuimaliza miaka sabini na minne. Alitamani kulia, lakini kulia mbele ya Mathew hakukuwa desturi yake. Alivuta kiti, akakaa kama mtu aliyekuja kudai haki.

"Bei nimesikia, fundi. Mimi sikukuja juu ya bei. Niambie: baba yangu alikuwa mjinga ama hakuwa?"

Akamsimulia habari ya karani na ya shilingi isiyoimba. Oduor alimsikiliza bila kucheka, na hilo pekee lilikuwa jambo geni. Kisha alichukua rupia, akaipitishia sumaku, haikunaswa. Akaiweka kwenye mizani, akaridhika. Akaisawazisha kwenye ncha ya kidole, akaigonga taratibu kwa ukingo wa nyingine. Ililia sauti nyembamba, safi, ikakaa hewani kitambo. Halafu akatoa kwenye droo shilingi ya mwaka wa 1922, yenye simba, akaigonga vilevile. Ilisema *ta*, ikanyamaza.

"Tena," alisema Mathew. Kicheko kilikuwa kimemtoka.

Oduor akarudia. Rupia iliimba, shilingi ikasema *ta*.

"Hii rupia ukiigawa mafungu kumi na mawili, kumi na moja ni fedha tupu," alieleza. "Hii shilingi fedha yake ni robo tu. Robo tatu ni madini ya kawaida. Baba yenu alisikia kwa sikio kitu ambacho mimi napimanga na mizani."

Navalayo alikaa wima kitini. Alimtazama mdogo wake, na Mathew akainamisha kichwa. Hakusema pole, ila alivua kofia, na kwa Mathew hiyo ilikuwa hotuba nzima.

Ndipo Oduor akaiokota ile nyeusi iliyobaki kwenye kopo, akainuka nayo hadi dirishani.

"Mungu wangu! Hii ni ya 1911. Huyu si nguruwe, mama, ni ndovu. Mchoraji aliharibu mkonga wake. Watu walipoikataa, nyingi zilirudishwa zikayeyushwa. Na hujaigusa! Hii nawapa mbuzi mzima, jike mwenye mimba."

"Haiuzwi!" Mathew alidakia, yeye aliyekuwa mbioni kwa sonara asubuhi ile. "Hii ni ya baba."

"Inauzwa," alisema Navalayo. "Zile zinazoimba tutabaki nazo, wajukuu wasikie. Lakini fundi, hii ikienda kwa mtu, inaendanga namna gani?"

"Inawekwa kwa kasha, na kikaratasi chini yake. Mwaka, na mahali ilitoka."

"Na mwenyewe?"

"Akijulikana."

"Anajulikana. Chukua kalamu."

Oduor alikata kikaratasi kidogo, akaandika: *Rupia, 1911. Iguhu.* Akainua macho. "Jina?"

"Andati."

"Nimwandike mkulima? Mpagazi?"

Navalayo alifikiri. Wateja wawili walikuwa wameingia dukani na saa zao, na alitaka wasikie, kwa hiyo alipaza sauti.

"Andika: Andati, aliyezipima zote mbili akachagua."

Kikaratasi hakikutosha. Oduor akakitupa, akakata kikubwa zaidi.